Eneo la wazi, ukanda wa mto au miti ya uani: mtaa unaojengwa Mwanza uhifadhi uoto wake wapi?

Katika maisha ya mtaa kuna siku moja inayoamua kama wajukuu watapata kivuli, nayo ni siku mchoro wa mipango miji unapotandikwa mezani wakati mpima ardhi hajaweka hata bikoni moja ya mpaka. Kabla ya siku hiyo, shamba la mihogo, vichaka vilivyojibana kati ya mawe na bonde lenye mafunjo ni ardhi ambayo kila mtu hupita. Baada yake kila kipande kina namba na kina mtu anayekitamani. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo upande wa Ilemela nikiwa mjumbe wa kamati ya urasimishaji ya mtaa wetu, yaani ya kupima na kumilikisha viwanja mahali palipoanza kujengwa bila mpango, na ubishi uliotuchelewesha kuliko wote haukuhusu kama tuhifadhi uoto au tusihifadhi, kwa maana karibu wote tuliutaka. Ulihusu mahali pa kuuweka.

Baadhi ya wajumbe walitaka uwanja mmoja wa pamoja katikati ya mtaa. Wengine walisema ardhi nzuri isiguswe, tuache ukanda wa kijito pamoja na vilima vya mawe ambavyo havijengeki kwa urahisi. Kundi la tatu lilisema mambo ya pamoja hayana mwenyewe, hivyo kila mwenye kiwanja aagizwe kupanda na kutunza miti uani kwake na mbele ya ua wake. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya kamati nyingine zilizo kwenye meza hiyo hiyo leo, kwa familia zinazokata shamba la urithi kuwa viwanja, na kwa mnunuzi anayetaka kujua mtaa anaohamia utakuwaje baada ya miaka 20.

Jinsi mji unavyoula uoto

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 363,452 Nyamagana na 343,001 Ilemela. Sensa ya 2022 ilikuta 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela. Kwa pamoja, wilaya hizo mbili zinazofanya mji wa Mwanza zilitoka watu 706,453 hadi 1,104,521, ongezeko la zaidi ya asilimia 56 katika miaka 10. Watu karibu 400,000 wamehitaji pa kulala katika mji ambao upande mmoja umezuiwa na ziwa na pande nyingine umejaa majabali ya matale.

Mji wa namna hii haukui kama mduara. Hukua kwa njia tatu, na kila njia ina uoto wake inaoumaliza. Njia ya kwanza hufuata barabara kuu: ile ya Musoma kupitia Nyakato, Igoma na Kisesa, ile ya Shinyanga kupitia Nyegezi, Mkolani, Buhongwa hadi Usagara, na ile ya uwanja wa ndege kuelekea Igombe. Huko kinachoondoka ni mashamba na malisho. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeongeza mvuto wa upande wa Usagara, na yeyote anayepita pale huona mabango ya viwanja. Njia ya pili ni ya kwenda juu na chini, yaani kwenye miteremko ya mawe na kwenye mabonde ya vijito, ambako mtu mwenye kipato kidogo hupata ardhi karibu na kazi yake; huko huondoka vichaka, nyasi na mafunjo. Njia ya tatu haionekani ukiwa barabarani, kwa sababu hufanyika ndani ya ua: mwenye nyumba hukata mwembe, huongeza vyumba vinne vya kupangisha, kisha husakafia kilichobaki ili wapangaji wasikanyage tope.

Ninasisitiza njia hizi tatu kwa sababu chaguo tatu zinazofuata hazikingi hatari moja. Kamati inayochagua bila kujua ni njia ipi inayoumaliza mtaa wake huweza kulinda mahali ambapo hapakuwa na hatari, na kuacha wazi mahali panapoliwa kila wiki.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni ardhi na gharama: ni mita ngapi zinatolewa, zinatoka mikononi mwa nani, na anayetoa anafidiwaje.

Cha pili ni maji na joto. Mwanza hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, zaidi wakati wa vuli na masika, na mara nyingi mvua hiyo hushuka kwa nguvu ndani ya muda mfupi. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kilichofunikwa chote kwa paa na sakafu, kikipigwa na mvua ya milimita 50, hutoa nje lita 20,000, sawa na mapipa 100 ya lita 200. Viwanja 30 vya mteremko mmoja vikifanya hivyo saa ile ile, nyumba ya mwisho bondeni hupokea mzigo wa wote. Kuhusu joto, mawe ya mji wetu hunywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku, kama zege linavyofanya, wakati mti huzuia jua lisifike chini na pia hupoza hewa kwa maji yanayotoka kwenye majani yake.

Cha tatu ni ulinzi, nacho nakipa uzito kuliko vingine vyote. Uoto wa mjini haufi kwa ukame, huuawa na matumizi mengine yanayoleta fedha haraka. Tazama kisiwa cha Saanane, umbali wa kilomita 2 hivi kutoka katikati ya mji: kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa 2013, na leo kina swala pala na pimbi huku mji ukiwa umejaa pembeni yake. Kina mpaka usiobishaniwa, ambao ni maji, kina mwenye dhamana anayejulikana, na kina maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wa Kisukuma nao walilijua jambo hili kabla ya mipango miji. Ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wayakute kiangazi, ilikuwa ya kaya au ya kijiji kizima, na zote mbili zilidumu kwa sababu mpaka na kanuni vilijulikana. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza 1986, ulitumia desturi hiyo hiyo kurudisha uoto katika eneo linalozidi hekta 300,000. Kwa hiyo swali la kama uoto uwe wa mtu mmoja au wa wote si geni kwetu, na jibu la wazee halikuwa la upande mmoja.

Kigezo cha nne ni wanaofaidika: mtoto wa mpangaji, bibi asiyeweza kutembea mbali, mama mwenye bustani ya mchicha, au mwenye hati peke yake.

Chaguo la kwanza: eneo la wazi la pamoja

*Ardhi na gharama.* Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, ambazo zingetoa karibu viwanja 18 vya mita 400 za mraba. Hesabu hiyo ndiyo inayozima mazungumzo katika vikao vingi. Familia inayokata shamba lake yenyewe inaweza kuibeba, kwa kuwa viwanja vinavyozunguka uwanja hupendwa na wanunuzi, ingawa si vyote hulipa pengo. Katika urasimishaji hali ni ngumu zaidi: ardhi imeshauzwa vipande vipande, na anayebaki na nafasi ya kutosha ni mzee mmoja ambaye hakuharakisha kuuza. Kumtaka yeye peke yake atoe eka mbili kwa manufaa ya wote ni kumwadhibu kwa subira yake. Sisi tulitumia vikao vitatu kukubaliana kwamba kila kaya ichangie fidia, na nasema wazi kuwa bila makubaliano hayo uwanja ungebaki kwenye mchoro tu.

*Maji na joto.* Hapa inategemea kabisa uwanja unavyotengenezwa. Uwanja wenye nyasi, uliozungushiwa miti na kushushwa kidogo chini ya barabara, hupokea maji ya mvua kubwa, huyashika kwa saa kadhaa na kuyaachia taratibu. Uwanja wa udongo ulioshindiliwa na miguu na magari humwaga maji karibu kama sakafu. Upoaji wake hauendi mbali, hufaidisha zaidi nyumba zinazouzunguka.

*Ulinzi.* Miaka ya mwanzo ndiyo hatari, wakati mtaa haujajaa na uwanja unaonekana kama pori lisilo na mtu. Uvamizi haufiki na tingatinga. Huanza kibanda cha mbao cha kuuza vocha, kinafuata kijiwe cha kuosha magari, kisha gereji, kisha mtu anajenga kwa tofali kwa sababu hakuna aliyemkataza yule wa kwanza. Dawa ni tatu na zote zinahitajika pamoja: eneo liwe na namba yake kwenye ramani ya upimaji na matumizi yake yaandikwe kuwa eneo la wazi chini ya halmashauri, muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa uliolipitisha uhifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, na eneo litumike tangu mwaka wa kwanza, kwa mpira, kwa mikutano, kwa sherehe. Uwanja wenye timu una walinzi 22 kila jioni.

*Wanaofaidika.* Katika jambo hili chaguo la kwanza halina mpinzani. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye hana hata pa kuanika nguo, anapata mahali pa kukaa bila kulipa. Watoto wanapata pa kucheza mbali na bodaboda. Wanawake wengi, hata hivyo, hawatapita uwanja wenye giza, kwa hiyo taa na njia iliyo wazi ni sehemu ya uwanja wenyewe, si pambo la baadaye.

*Linamfaa nani.* Mtaa wa pembezoni ambao bado una kipande kikubwa kisichogawanywa, wenye viongozi wanaoaminika, na wenye wapangaji wengi wanaotarajiwa.

Chaguo la pili: ukanda wa mto, mwambao na vilima

*Ardhi na gharama.* Chaguo hili lina faida ambayo kamati nyingi hazijaitumia: sehemu kubwa ya ardhi yake tayari haikupaswa kujengwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au mwambao, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inahesabu ardhi iliyo ndani ya mita hizo 60, maeneo oevu na miteremko mikali kuwa ardhi yenye hatari. Kilomita moja tu ya kijito, ikihesabiwa mita 60 kila upande, ni hekta 12, karibu eka 30. Hakuna mtaa Mwanza utakaopata eka 30 za wazi kwa kuchangishana. Gharama halisi ya chaguo hili haiko kwenye ardhi tupu. Iko kwa watu ambao wameshajenga ndani ya mita hizo, mara nyingi kwa kuuziwa na mtu aliyejua kuwa hapaswi kuiuza, na kamati yenye utu haiwezi kuchora ukanda juu ya nyumba zao kana kwamba hazipo. Panapokuwa na nyumba, ukanda uanzie palipo wazi, na waliopo wazungumze na halmashauri kabla ya mstari kuchorwa.

*Maji na joto.* Kazi ya ukanda katika kigezo hiki ni kubwa kuliko ya chaguo zote, na inafaa kuieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayofahamika kidogo. Mafunjo na matete yanayosimama kwenye mdomo wa kijito hupunguza mwendo wa maji, na maji yanayotembea polepole huangusha matope yake kabla hayajafika ziwani. Mizizi na viumbe wadogo wanaoishi humo huchukua sehemu ya naitrojeni na fosforasi inayotoka vyooni, mashambani na mifereji ya mji. Virutubisho hivyo vikifika ziwani bila kuchujwa hulisha mwani na magugu maji, yale ambayo tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakifunga mialo na kuzuia mitumbwi. Kampala wanalijua hili kupitia kinamasi cha Nakivubo, ambacho hupokea maji machafu ya mji kabla hayajaingia Ghuba ya Murchison, ghuba hiyo hiyo ambako mji huvuta maji ya kunywa. Sisi nasi tuna Mto Mirongo unaopita katikati ya mji hadi ziwani, na mtambo wa Capri Point unaovuta maji kutoka ziwa lile lile. Kila kipande cha mafunjo kinachofukiwa kwa kifusi kinahamishia kazi yake kwenye dawa na mashine, na mlipaji wa ankara ni sisi.

Ukanda pia ni nafasi ya ziwa lenyewe kupumua. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na 2024 yalipanda tena. Waliojenga kwenye ukingo walikuta ziwa ndani ya ua. Juu vilimani kazi ni nyingine. Udongo kati ya majabali yetu ni mwembamba, na unashikiliwa na mizizi ya vichaka na nyasi. Vikikatwa, mvua huuosha na kuupeleka kwenye mifereji ya chini, na jabali lililokuwa limeegemea udongo huo hubaki bila egemeo. Wakazi wa miteremko hawahitaji kuelezwa zaidi.

*Ulinzi.* Sheria iko upande wa ukanda, lakini sheria haikeshi usiku. Ukanda ni mrefu na mwembamba, hivyo una mpaka mwingi wa kulinda kwa kila eka, na nyuma ya nyumba ndipo watu hutupa taka. Njia iliyonishawishi ni kuugeuza mgongo wake kuwa uso: barabara ya mtaa au njia ya miguu ipite kati ya nyumba na ukanda, ili milango ielekee kijito. Nyumba zikiupa kisogo, ukanda huwa jalala. Zikiutazama, kila anayetupa taka anaonekana. Njia nyingine ni kuwaweka watu wenye maslahi ndani yake kwa makubaliano ya maandishi, kwa mfano wenye vitalu vya miche na maua, ambao wanahitaji maji na kivuli na hawajengi chochote cha kudumu. Bikoni za mpaka ziwekwe zinazoonekana, hata kwa kupakwa rangi.

*Wanaofaidika.* Wafaidika wakubwa wako chini ya mteremko na ziwani, na wengi wao si wakazi wa mtaa unaotoa ardhi. Hilo hufanya chaguo hili kuwa gumu kutetea mkutanoni, ingawa ni la haki. Kwa wakazi wenyewe kuna nyasi za mifugo, kuni za matawi makavu na mahali pa kutembea. Yapo pia madhara yanayopaswa kusemwa: konokono wanaosambaza kichocho hupenda maji tulivu yenye majani, kwa hiyo mahali watoto wanapochota maji na kuogelea pasiachwe pasipo mpango, na mboga zilizomwagiliwa maji ya mfereji wa mji zisiliwe mbichi.

*Linamfaa nani.* Mtaa wowote ulio bondeni, mwambaoni kama Luchelele au Igombe, au kwenye miguu ya kilima, hasa kama ujenzi haujafika ukingoni.

Chaguo la tatu: miti ya uani na ya barabarani

*Ardhi na gharama.* Halidai kiwanja hata kimoja, na ndiyo sababu hupitishwa haraka mkutanoni. Mche kutoka kitaluni ni bei ya chini ukilinganisha na mfuko wa saruji. Gharama ipo kwenye nafasi: mwembe uliokomaa unahitaji nafasi ya mita nyingi, na kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba, shimo la maji taka na vyumba vya nyuma hakina nafasi hiyo. Barabara za mtaa zikipimwa nyembamba, miti ya barabarani nayo huishia kukatwa siku nguzo za umeme zinapofika. Kwa hiyo chaguo hili linapaswa kuamuliwa pamoja na upana wa barabara, kabla ya bikoni.

*Maji na joto.* Kwa joto ndani ya nyumba, hakuna kinachoshinda mti uliopandwa upande wa magharibi wa ukuta. Kwa maji, mti mmoja hufanya kazi ndogo, lakini ua usiosakafiwa wote hufanya kazi kubwa, na paa la mita 100 za mraba linaweza kujaza tenki la lita 5,000 kwa mvua moja ya milimita 50. Aina ya mti ina maana sana. Mwarobaini huvumilia kiangazi na hauchoki na udongo wa mawe. Mparachichi, mpera na mstafeli huleta chakula kwenye nafasi ndogo. Mkrismasi hupendeza ukichanua, lakini mizizi yake iko juu juu na matawi yake hukatika kwa upepo, hivyo haufai karibu na ukuta. Mkaratusi hukua haraka na hunywa maji mengi. Usiwekwe karibu na kisima, na kwenye kiwanja kidogo ningeuacha kabisa.

*Ulinzi.* Mti wa uani una mlinzi anayelala hatua tano kutoka ulipo, jambo ambalo chaguo nyingine mbili hazina. Lakini mlinzi huyo huyo ndiye mwenye panga. Siku ada ya shule inapokosekana, vyumba viwili vya kupangisha huleta kodi na mwembe hauleti, na hakuna jirani atakayemlaumu. Njia ya tatu ya ukuaji wa mji, ile ya ndani ya ua, hulishambulia chaguo hili moja kwa moja. Miti ya matunda hukaa muda mrefu kuliko ya kivuli tupu, kwa sababu ina kitu cha kujitetea nacho.

*Wanaofaidika.* Hapa ndipo nina shaka kubwa. Capri Point na Isamilo, palipogawanywa viwanja vikubwa tangu zamani, pana miti. Igogo na Mabatini, ambako nyumba zimebanana kwenye mawe, hapana nafasi ya kuipanda. Kivuli kikiachiwa ukubwa wa kiwanja, kitamfuata mwenye kiwanja kikubwa. Miti ya barabarani husahihisha sehemu ya tatizo hili, maana mpita njia hufaidi bila kuulizwa hati.

*Linamfaa nani.* Mtaa ambao umeshajengwa kiasi kwamba hakuna ardhi ya kuacha, mtaa wa viwanja vya ukubwa wa kati na kuendelea, na kaya inayotaka kuanza leo bila kusubiri kikao.

Kuchagua kulingana na hali yenu

Kama ninyi ni familia inayokata shamba la pembezoni, Kishiri, Buswelu au kuelekea Usagara, na shamba halina kijito, uwanja wa pamoja ni rahisi kwenu kuliko utakavyokuwa kwa yeyote baada yenu. Uchoreni kabla ya kuuza kiwanja cha kwanza, kwa sababu mnunuzi wa kwanza akishaonyeshwa mchoro wenye uwanja, anakuwa shahidi wake.

Kama shamba lina kijito au linagusa ziwa, anzeni na mita 60 na mhesabu viwanja kwa kilichobaki. Kuuza ndani ya mita hizo ni kumkabidhi mwenzenu mgogoro pamoja na risiti. Eneo la wazi mnaweza kuliunganisha na ukanda huo, uwanja ukiwa juu pakavu na mafunjo yakiwa chini, na hapo ulinzi wa kimoja husaidia kingine.

Kama ninyi ni kamati ya urasimishaji katika mtaa ulioshikana, pengine nafasi pekee iliyobaki ni mapengo kati ya majabali. Msiyadharau. Pengo la mita 300 za mraba lenye mkuyu na benchi la mawe ni bustani ya wazee, na kwa kuwa ni vigumu kujenga kati ya majabali, huenda lisihitaji fidia kubwa. Liandikeni kwenye mchoro kwa namba yake, kisha elekezeni nguvu kwenye miti ya barabarani na kwenye makubaliano kwamba kila ua ubaki na sehemu isiyosakafiwa.

Kama mtaa wenu uko juu ya mteremko na wenzenu wako chini, kaeni nao kikao kimoja kabla ya kuamua. Kata moja huweza kuwa na mitaa yote miwili, na mtendaji wa kata anaweza kuwaita pamoja. Wa chini wana sababu ya kuchangia fidia ya ardhi itakayozuia maji yenu yasiingie kwao.

Na kama wewe ni mnunuzi wa kiwanja kimoja, hutaamua mtaa uweje, lakini unaweza kuuliza. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri na uombe kuuona mchoro ulioidhinishwa, utafute eneo la wazi lililo karibu na kiwanja chako, kisha uende ukasimame juu yake kwa miguu yako. Ukikuta msingi wa nyumba, muulize muuzaji kabla hujalipa. Ukikuta watoto wanacheza mpira, muulize mwenyekiti wa mtaa ni nani anayetunza muhtasari wa kikao kilicholipitisha, na uombe nakala. Kisha, upande wa magharibi wa msingi wako, panda mparachichi kabla ya kuta kuinuka, mita tano au sita kutoka ukutani na mbali na shimo la maji taka, ili siku unapohamia uukute tayari umesimama.